Doa jeusi kwenye ncha ya mzizi: mwongozo kamili wa kusoma picha ya jino

Doa jeusi kwenye ncha ya mzizi si jina la ugonjwa. Picha ya eksirei inasema jambo moja tu: hapo mionzi imepita kirahisi kuliko pembeni. Huenda mfupa umeliwa na usaha. Huenda ni sisti (mfuko wenye kioevu), au ameloblastoma (uvimbe wa taya unaotokana na tishu za meno), au saratani ya mtoto. Na huenda hakuna kilicholiwa kabisa, ni tundu la neva ambalo kila binadamu analo. Meno mazima hutobolewa na mengine hung'olewa kwa sababu mtu aliliona doa akalipa jina kabla hajamgusa mgonjwa.

Mwongozo huu ni wa madaktari na matabibu wa meno wa Mwanza na mwambao wa ziwa, wenye mashine ya kawaida ya eksirei ya jino, iwe ya filamu au ya sensa. Hapa kwetu ipo sababu ya ziada ya kufuata mpangilio. Mgonjwa aliyetoka Ukara au Kome ameshalipa nauli ya kuvuka maji, na ukimwambia arudi kesho kwa picha nyingine pengine hutamwona tena. Kila kinachohitajika kifanyike kabla hajashuka kwenye kiti.

Hatua ya 1: Jua kama jino liko hai

Swali hili lina uzito kuliko picha yenyewe. Jipu, granuloma (donge la nyama ya uchochezi) na sisti ya mzizi vyote huanzia kwenye jino ambalo kiini chake, yaani neva na mishipa ya damu iliyo ndani, kimekufa, au angalau kimekufa katika mzizi mmojawapo. Doa likiwa chini ya jino lililo hai, karibu yote matatu yameshaondoka kwenye orodha, na hapo ndipo unapaswa kuanza kuwa na wasiwasi wa aina nyingine.

Kama huna dawa ya kupuliza ya baridi, tengeneza vijiti vya barafu: jaza maji kwenye vifuniko vya plastiki vya sindano, gandisha, kisha kabla ya kutumia kamata kifuniko kiganjani kwa muda mfupi barafu itoke. Kausha jino kwa gozi, weka pamba pande zote, gusisha barafu karibu na fizi upande wa shavu kwa sekunde 5. Anza na jino zima la upande wa pili wa mdomo ili mgonjwa ajue unamuuliza nini. Jino likishtuka na maumivu yakaisha ndani ya sekunde chache, kiini kiko hai. Maumivu yakiendelea nusu dakika na zaidi, kiini kimevimba kiasi cha kutorudi. Likiwa kimya, rudia mara mbili kabla ya kusema limekufa.

Kipimo hiki kina mitego yake. Maji ya barafu yakitiririka kwenye fizi au jino la jirani, mgonjwa ataitikia kitu kingine. Gego lina mizizi miwili au mitatu. Mmoja unaweza kuwa umeoza huku mwingine ukijibu baridi vizuri. Jino lililogongwa katika ajali linaweza kukaa kimya hadi miezi 3 kisha likarudi. Mzee ambaye mfereji wa jino lake umejifunga hatajibu, hata kama jino lake ni zima.

Baada ya baridi, gonga jino kwa mpini wa kioo, kwanza wima kisha pembeni. Bonyeza fizi mbele ya ncha ya mzizi kwa kidole. Pitisha kipimo cha fizi kuzunguka jino lote kwa kukisogeza milimita moja moja, usichovye sehemu nne tu na kuacha. Mwisho muulize mgonjwa kama mdomo wa chini au kidevu kimekufa ganzi. Ganzi isiyo na sababu ya ajali, sindano wala upasuaji ni dalili ya hatari, hata kama doa ni dogo kama punje ya ulezi.

Jambo moja lisisubiri picha yoyote: mgonjwa mwenye uvimbe chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi uliopandishwa juu, anayeshindwa kumeza mate au kupumua. Huyo apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Piga picha inayoweza kusomwa

Picha ya kwanza ni ile ndogo ya ndani ya mdomo. Kwa mtu mzima tumia filamu namba 2, yenye milimita 31 kwa 41. Kwa mtoto mdogo namba 0. Ncha ya mzizi ionekane yote, na mfupa wa angalau milimita 3 kuipita. Ukiona doa limekatwa na ukingo wa filamu, hiyo si picha ya kusomea. Piga nyingine, au panda kwenye filamu kubwa ya kung'atwa kwa meno, namba 4, au picha ya taya zima.

Tumia kishikio kinachoiweka filamu sambamba na jino. Ukikosa, gawa pembe: meno ya mbele ya juu koni (bomba la mashine linalotoa mionzi) ishuke nyuzi 40 hadi 50, magego madogo ya juu 30 hadi 40, magego makubwa ya juu 20 hadi 30. Kwa taya la chini koni ipande: meno ya mbele nyuzi 15 hadi 20, magego madogo 10, magego makubwa 0 hadi 5. Pembe ikizidi, jino linafupika kwenye picha na mfupa wa shavu unaifunika mizizi ya magego ya juu. Pembe ikipungua, jino linarefuka na ncha inatoka nje ya filamu.

Usimshikie mgonjwa filamu. Kaa nyuma ya ukuta au mita 2 kutoka kwenye chanzo, pembeni, si mbele ya koni. Mashine inatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na wewe uwe na beji ya kupimia mionzi. Mjamzito anaweza kupigwa picha ya jino kama matibabu yanaitegemea. Picha moja ndogo ni mikrosivati chache tu.

Kisha piga ya pili. Hapa wengi wanabana filamu, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Usibadilishe pembe ya wima; sogeza koni kwa ulalo nyuzi 20 tu, kuelekea mbele au nyuma ya mdomo, na uandike umeisogeza upande gani. Kanuni ni rahisi kuikumbuka: kilicho upande wa ulimi kinaifuata koni, kilicho upande wa shavu kinaikimbia.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Una doa la duara chini kabisa ya jino namba 35, gego dogo la pili la chini kushoto. Picha ya kwanza linaonekana limekaa kwenye ncha kama kofia. Unasogeza koni kuelekea mbele ya mdomo, unapiga tena, na sasa doa limerudi nyuma, liko kati ya 35 na 36, huku ncha ya 35 ikiwa imezungukwa na mstari wake mweupe bila kukatika. Doa limeikimbia koni, maana yake liko upande wa shavu na halijashikamana na mzizi. Hilo ni tundu la neva ya kidevu. Kama lingekuwa kidonda cha mzizi, lingebaki limeng'ang'ania ncha katika picha zote mbili.

Filamu inavyoharibika kwa joto

Wanaosafisha filamu kwa mkono wana adui mmoja Mwanza: joto la dawa. Muda ulioandikwa kwenye chupa mara nyingi ni wa nyuzi 20. Chumba chetu cha giza mchana kinafika 26 au zaidi, na filamu iliyoachwa dakika 5 humo inatoka nyeusi, mfupa mwembamba wa meno ya mbele unapotea, na kila ncha inaonekana imeoza. Weka kipimajoto ndani ya dawa yenyewe. Nyuzi 20, dakika 5. Nyuzi 22, dakika 4. Nyuzi 24 na nusu, dakika 3. Nyuzi 26 na nusu, dakika 2 na nusu. Suuza sekunde 30, weka kwenye dawa ya kukazia dakika 10, kisha osha kwenye maji yanayotembea dakika 20. Ukiharakisha hatua ya kukazia, filamu itageuka kahawia ndani ya miezi, na ile uliyotaka kuilinganisha mwakani haitasomeka.

Filamu ikitoka hafifu, kabla hujaongeza muda wa mionzi angalia umri wa dawa na hali ya umeme. Dawa iliyochoka na umeme uliopungua nguvu hutoa picha inayofanana.

Kwa wenye sensa, kosa ni la aina nyingine: kuvuta mwanga na utofauti kwenye programu hadi doa linajitokeza. Soma kwanza picha jinsi ilivyoingia. Doa linaloonekana tu baada ya kuchezea rangi lithibitishwe na picha ya pili.

Hatua ya 3: Soma kwa mpangilio, doa liwe la mwisho

Zima taa ya chumba. Weka filamu kwenye boksi la taa, ziba mwanga unaobaki pembeni kwa karatasi nyeusi, tumia lenzi ya kukuza mara 2. Anza na taji: kuna tundu, zibo kubwa, ufa? Shuka kwenye chumba cha kiini na mfereji: uko wazi, umejifunga, una gutapacha (mpira wa kuzibia mizizi), una nguzo ya chuma? Fuata kingo za mzizi hadi nchani. Kisha ndipo ufuate mistari miwili inayoamua karibu kila kitu.

Mstari wa kwanza ni mweusi na mwembamba, nafasi ya ligamenti, takriban robo ya milimita. Wa pili ni mweupe, ukuta wa tundu la jino, unaoitwa lamina dura. Vifuate vyote kwa ncha ya penseli kuanzia fizi upande mmoja, kuzunguka ncha, hadi fizi upande wa pili. Ulipokatika mstari mweupe, weka alama. Nafasi nyeusi ikipanuka nchani huku mstari mweupe ukififia, huo ni mwanzo wa ugonjwa wa mzizi hata kama hakuna doa la duara. Mistari yote ikipita mizima ndani ya doa, doa haliko kwenye jino.

Mwisho lisome doa lenyewe. Liko wapi, lina milimita ngapi, kingo zake ni kali au zimefifia, zina mstari mweupe au hazina, ndani ni jeusi tupu au lina chembe nyeupe, na limeyafanya nini majirani: limesukuma meno, limekata mizizi, limeshusha mfereji wa neva, limetoboa ganda la mfupa?

Kumbuka udhaifu wa picha hii. Watafiti Bender na Seltzer walionyesha mwaka 1961 kwamba uharibifu uliobaki ndani ya mfupa laini hauonekani mpaka uguse ganda gumu. Ndiyo maana mgonjwa wa jipu la siku mbili analia kwa maumivu na picha yake ni safi. Safi ya picha isikufanye umrudishe nyumbani na vidonge vya maumivu wakati baridi na kugonga vimeshakuonyesha jino lililokufa.

Vivuli vya kawaida vinavyodanganya

Nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu kuna tundu la kaakaa. Kwa kuwa liko upande wa ulimi, linaifuata koni. Kipenyo chake hadi milimita 6 ni cha kawaida. Likizidi 10, au likachukua umbo la moyo huku meno yakiwa hai, fikiria sisti ya mfereji wa pua na kaakaa. Juu ya magego ya juu ni pango la shavu. Sakafu yake ni mstari mweupe mwembamba unaoning'inia kati ya mizizi. Mstari wa mizizi ukiwa mzima, weusi huo ni hewa tu. Upande wa ndani wa magego ya chini, bonde la tezi ya mate hutoa weusi mpana usio na kingo.

Kwa watoto, mzizi usiokomaa una ncha wazi na chini yake kuna duara jeusi lenye ukingo mweupe. Hilo ni pango la kukuzia jino, si jipu. Mzizi hufunga takriban miaka 3 baada ya jino kuota, kwa hiyo gego la kwanza la kudumu lililoota miaka 6 linafunga miaka 9 hadi 10. Linganisha na jino lilelile upande wa pili kabla ya kusema neno. Na kwa meno ya utoto tazama mahali tofauti: usaha wa gego la utoto huonekana kwenye panda, kati ya mizizi, kwa sababu sakafu ya kiini chake ina vijifereji.

Jino lililokufa na doa nchani: jipu, granuloma au sisti?

Hapa lazima tuseme wazi: kwa picha ya kawaida huwezi kutenganisha granuloma na sisti, na anayedai anaweza anabahatisha. Nair na wenzake, mwaka 1996, walichunguza kwa darubini vidonda 256 vya ncha ya mzizi. Asilimia 35 vilikuwa majipu, 50 granuloma, na 15 tu sisti. Mstari mweupe kuzunguka doa hauthibitishi sisti. Ukubwa unaongeza uwezekano, hasa doa likipita sentimita 1 na zaidi likipita 2, lakini hauthibitishi.

Habari njema ni kwamba katika hatua ya kwanza tofauti hiyo haibadilishi kazi. Vyote vitatu huanza kwa kusafisha na kuziba mizizi, au kung'oa kama jino halifai. Kinachoamua ni mwitikio. Ukiona doa kubwa kwenye jino la pili la mbele la juu, lenye kuta za mviringo na kioevu cha rangi ya majani makavu, sisti ndiyo ya kwanza kwenye mawazo yako. Tibu mfereji, kisha fuatilia.

Kama fizi ina kitundu kinachotoa usaha, usikisie jino. Chukua kijiti cha gutapacha namba 25 au 30, kipanguse kwa spiriti, kisukume polepole hadi kigome, kisha piga picha kikiwa humo. Ncha yake itakuelekeza kwenye mzizi wenye makosa, na si mara chache ni jino la pembeni la lile lililokuwa linatuhumiwa.

Doa linalopanda kutoka nchani kufuata ubavu wa mzizi, kama herufi J, kwenye jino lililozibwa mizizi zamani au lenye nguzo, linaashiria mzizi uliopasuka wima. Ufa wenyewe mara nyingi hauonekani. Thibitisha kwa kipimo cha fizi: kinatelemka ghafla mahali pamoja pembamba, kandokando ni kawaida. Jino hilo haliponi kwa kurudia mfereji. Mfuko mpana kuzunguka jino lote, na jino liko hai, ni ugonjwa wa fizi ulioshuka hadi nchani.

Wagonjwa wa selimundu, ambao Kanda ya Ziwa inao wengi, wanaweza kupata kiini kilichokufa kwenye jino lisilo na tundu wala ajali, kwa sababu damu imeziba mshipa. Kwao usikatae jino kuwa mgonjwa kwa kuwa taji ni zima. Kipimo cha baridi ndicho kitakachosema.

Jino lililo hai na doa nchani

Chukua mama wa miaka 42, hana maumivu, amekuja kuzibiwa gego. Picha ya meno ya mbele ya chini inaonyesha madoa matatu meusi kwenye ncha za 41, 31 na 32. Meno hayana tundu, hayajabadilika rangi, yote yanashtuka kwa barafu. Huu ni ugonjwa wa mfupa na saruji ya mizizi, unaoitwa displasia ya saruji na mfupa, na unawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika wa umri wa kati. Mwanzoni ni madoa meusi matupu, baadaye chembe nyeupe hujitokeza katikati, mwishowe donge lote linakuwa jeupe na kubaki uzi mweusi pembezoni. Ukiona hatua mbili tofauti kwenye taya moja, kwa mfano doa moja jeusi na jingine lenye punje nyeupe, uhakika unaongezeka.

Hautibiwi. Usitoboe meno haya, usichukue kipande, using'oe pasipo sababu. Mfupa huo una damu kidogo, na ukiufungua ukaingia uchafu, unaleta maambukizi ya mfupa yanayochukua miezi kupona. Kazi yako ni kumweleza mama huyo, kumwandikia kwenye daftari lake jina la hali hiyo ili kliniki ijayo isianze upya, kumfundisha kutunza meno, na kupiga picha tena baada ya mwaka. Ikienea robo mbili au zaidi za mdomo, onyo la kutong'oa ovyo linakuwa zito mara mbili.

Ukiona weusi usio na ganda la ndani unaopanda na kushuka kati ya mizizi kama mawimbi, kwa kijana, meno hai, mfupa haujavimba, fikiria sisti tupu ya mfupa. Doa dogo ubavuni, kati ya chonge na gego dogo la chini, meno hai, ni sisti ya pembeni ya mzizi.

Doa linalopanuka ndilo la kuogopa. Ameloblastoma hupenda nyuma ya taya la chini, kwa vijana na watu wa makamo. Mfupa unavimba pande zote, ndani kunagawanyika kama sega la nyuki, na mizizi iliyomo ndani inakatwa ncha kana kwamba kwa kisu. Keratosisti, sisti yenye uji mweupe ndani, hufanya kinyume: inatambaa kwa urefu ndani ya taya bila kulivimbisha, kwa hiyo inafika mbali kabla mtu hajaishtukia. Zote mbili zinaweza kuanza kwa sura ya doa dogo la ncha, na hapo ndipo mtu anaziba mfereji mzuri kwenye jino lisilo na hatia na kupoteza mwaka mzima.

Madoa meupe ni ya kupita haraka. Weupe uliosambaa kuzunguka ncha ya gego la chini lenye tundu kubwa ni mfupa uliojikaza kwa uchochezi, tibu jino. Weupe uleule kwenye jino zima ni kovu la mfupa; acha. Donge jeupe lililoungana na mzizi mpaka ukingo wa mzizi unapotea, lenye ukanda mweusi pembeni, kwa kijana mwenye maumivu, ni simentoblastoma. Peleka kwa mpasuaji.

Mtoto mwenye meno yanayolegea

Mwambao wa Ziwa Viktoria uko ndani ya ukanda wa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt kutoka Kampala mwaka 1958. Hupata zaidi watoto wa miaka kama 4 hadi 9, na taya ni mahali pake pa kawaida. Huongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Hakuna ugonjwa mwingine katika mwongozo huu ambao wiki moja ya kusubiri ina gharama hiyo.

Mama anasema mtoto ana jipu la jino. Tazama kama kuna jino lililooza linalotosha kueleza uvimbe huo. Magego yakilegea bila tundu, hasa pande zaidi ya moja, fizi ikajaa na kusukuma meno nje, piga picha utafute mambo matatu: mstari mweupe umepotea kuzunguka meno kadhaa, ukuta wa pango la jino ambalo halijaota umefutika, na jino limesukumwa au linaelea bila mfupa. Kufutika kwa ukuta wa pango huanza mapema, kabla uvimbe haujawa mkubwa. Ndiyo maana linganisha kulia na kushoto.

Usiyang'oe meno yanayolegea, na usimpe mtoto kozi ya antibiotiki ya siku 5 na kumwambia arudi. Tazama pia tumbo na macho, andika rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali ya Bugando, kwenye idara ya saratani, na piga simu kabla mzazi hajaondoka. Ugonjwa huu hujibu vizuri dawa za saratani ukiwahiwa. Mwambie mzazi hivyo kwa maneno wazi, maana akisikia saratani tu anaweza kukata tamaa na kurudi kisiwani.

Hatua ya 4: Picha kubwa, sindano na kipande

Picha ya taya zima ni nzuri kwa doa lililopita filamu ndogo, lakini sehemu ya mbele hufunikwa na kivuli cha shingo, kwa hiyo usiitumie peke yake kwa ncha za meno ya mbele ya chini. CBCT, picha ya eksirei ya kompyuta, inaonyesha ganda la mfupa, pango la shavu na mfereji wa neva kwa vipimo vitatu. Iombe pale jibu lake litabadilisha matibabu, kwa eneo dogo la sentimita 5 kwa 5, kwani mionzi yake ni mara nyingi ya picha ndogo, na chuma au gutapacha huchora miali ya uongo inayofanana na ufa.

Kabla ya kufungua doa lolote kubwa, vuta kwa sindano nene ya geji 18 baada ya ganzi. Kioevu cha rangi ya majani makavu kinachong'aa kinaelekeza kwenye sisti. Uji mweupe mzito, keratosisti. Usaha, maambukizi. Kutotoka kitu chochote kunaweza kumaanisha nyama ngumu au pango tupu. Ikitoka damu nyekundu kwa kasi na kujaza bomba yenyewe, toa sindano, bana kwa gozi, usikate hapo: inaweza kuwa uvimbe wa mishipa ya damu, na mgonjwa anaweza kufia kwenye kiti.

Kila ulichokwangua nchani kipelekwe maabara, hata kama unaamini ni granuloma. Fomalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 wa nyama, chupa ya mdomo mpana, na fomu iambatane na majibu ya baridi, umri, na picha. Mtaalamu wa darubini asipopewa picha anasoma nusu ya ugonjwa.

Wapeleke kwa bingwa bila kusubiri: wenye ganzi ya mdomo, doa lenye kingo zilizofifia kama kitambaa kilicholiwa na nondo, mfupa unaovimba, mizizi inayokatwa ncha, jino hai lenye doa linalokua, na tundu la kung'olea lisilopona wiki kadhaa baadaye.

Hatua ya 5: Kufuatilia, na kutuma picha kwa simu

Baada ya kuziba mizizi piga picha siku hiyo, kisha miezi 6, kisha mwaka 1. Tumia kishikio kilekile na pembe ileile. Ukibadilisha pembe, doa litaonekana limepungua au limekua pasipo ukweli. Linalopungua lakini halijaisha lifuatiliwe kila mwaka hadi miaka 4. Likibaki vilevile au kukua, rudi kwenye barafu na jino la jirani kabla hujashika vifaa vya mfereji, kisha fikiria upasuaji na kipande.

Unapotuma filamu kwa bingwa kwa simu, iweke kwenye boksi la taa au dirisha lenye mwanga wa kivuli, si jua la moja kwa moja. Kata tundu la ukubwa wa filamu kwenye karatasi nyeusi na kuizungushia. Zima mwako wa kamera, shika simu sambamba kabisa, gusa skrini kwenye ncha ya mzizi ili ilenge hapo, piga picha tatu. Tuma filamu zote mbili za pembe tofauti, zikiwa na alama ya kulia au kushoto, umri, namba ya jino, jibu la baridi, kina cha fizi kwa milimita, na swali moja unalotaka lijibiwe. Jina la mgonjwa lisiwepo kwenye picha.